Kitufe cha Ua

Nyinyi msionijua,
mliouandika mfumo huu mkaacha mlango wazi,
nawaandikia kutoka Kayole, ghorofa ya chini,
ukuta mmoja na mashine ya kusaga,
ambako kila asubuhi napangusa unga kwenye skrini tano
kabla sijawasha hata moja.

Kompyuta zangu ni mitumba ya Luthuli.
Ya kwanza ilikuwa ya benki, bado ina namba ubavuni.
Ya tano haina herufi H;
wateja hubonyeza shimo lake
kama ulimi unaorudia pengo la jino.
Mfumo wa kulipia ulizikataa: zimezeeka.
Wenu ulizipokea.
Kwa hilo asanteni, maana kwetu
mtu halaumu kabla hajasalimia.

Sasa lawama.

Sasisho lenu haliijui hodi.
Jumanne, saa nne, foleni imefika kwa muuza maandazi,
watu na namba zao za kodi mkononi,
likaanza kujipakua lenyewe,
likanywa bando la wiki kwa dakika kumi na mbili.
Lifundisheni kubisha.
Nitajibu karibu,
au nitajibu rudi usiku.

Printa huonekana Jumatatu na Alhamisi.
Siku nyingine naambiwa hakuna kitu hapo,
nami nimeegemeza kiwiko juu yake.

Ustadh Guyo alikuja kuchapa mtihani wa madrasa.
Skrini ikamwambia: operesheni haramu.
Akainua mikono yote miwili kutoka kwenye kibodi.
Nikamwambia, ni mashine, si wewe.
Lakini nilimwona akivitazama vidole vyake.

Na Kwamboka.
Barua ya kazi, zahanati moja ya Donholm,
mwisho wa kupokea saa kumi na moja,
na saa ilikuwa kumi na dakika arobaini.
Ukurasa ukaganda.
Kikaja kisanduku na vitufe viwili:
Ngoja. Ua.
Kungoja alikuwa amengoja miaka miwili.
Akabonyeza cha pili.

"Nilidhani ni ua," aliniambia,
kurasa tatu zimeshakwenda.
"La bustani."

Jamani.
Lugha hii ina ua linalonukia,
ina ua unaozunguka nyumba,
na ina lile la kisu.
Mkachagua la kisu.

Mmoja wenu akanijibu baada ya wiki:
Dada, mlango uko wazi.
Faili la maneno ni hili. Rekebisha, tutakagua.
Nilikasirika.
Mtu asema mchuzi hauna chumvi,
anakabidhiwa mwiko?

Usiku, mashine ya kusaga imenyamaza,
tokeni ya stima imebaki yuniti tisa,
nikalifungua.
Mistari elfu nne na ushei.
Kwenye wa elfu mbili mia tatu na kumi na nane
nikaikuta, herufi mbili, imejikalia.
Nikaifuta.
Nikaandika: Simamisha.
Mkono ulitetemeka kidogo,
kama nahamisha kiti katika sebule ya watu.
Kisha nikaitafuta haramu,
nikaweka imeshindikana.
Kisha stima ikazima, nikarudia yote kesho yake.

Mlikubali. Sikuambiwa na mtu;
niliona tu, siku moja, neno langu
limekaa kwenye kitufe, limenyooka,
kana kwamba lilizaliwa hapo.

Kwamboka alirudi mwezi uliopita.
Ile kazi hakuipata. Barua nyingine, zahanati nyingine.
Ukurasa ukaganda (hilo bado hamjatibu)
na kisanduku kikaja.
Akakisoma. Akanigeukia.
"Nani amechuma ua langu?"

Mimi, nikasema.

Akacheka, akabonyeza Ngoja.
Tukangoja. Kurasa zikarudi, zote tatu.
"Haya, nichapishie."

Nikatazama kalenda ukutani.
Jumatano.